Mlevi wa Sebuleni

Nina pikipiki iliyomzidi umri mwanangu wa kwanza, na mwaka huu imemzidi hata kwa kuniomba hela, ilhali mwanangu yuko chuo na namba yangu ya simu anaijua.

Ni Honda CG125, nyekundu ya zamani, sasa imepauka imekuwa rangi ya nyanya iliyolala sokoni siku tatu. Marehemu baba alikuwa bwana shamba. Alikopeshwa pikipiki hiyo mwaka 1986, akakatwa mshahara mpaka deni likaisha, akaizungusha Dakawa, Mvomero na Turiani kukagua mpunga na miwa ya watu hadi alipostaafu. Alipofariki, kaka alichukua shamba, dada akachukua cherehani ya mama, mimi nikaachiwa pikipiki na daftari. Pikipiki peke yake ningeimudu. Kilichoniponza ni daftari.

Mzee aliandika kila safari: tarehe, kilometa, mafuta, na kazi aliyokwenda kufanya. Mwandiko umelalia kulia, wino wa bluu, hakuna mstari uliorukwa. Kuna ukurasa mmoja ninaoujua bila kuufungua: kilometa 420, lita 10, kukagua vitalu vya mpunga Dakawa. Gawanya mwenyewe. Lita moja kilometa 42, tena kwenye vumbi na mashimo ya wakati ule. Na mimi ninayetoka Kihonda kwenda Morogoro mjini na kurudi kwa lami, lami tupu, nikiweka mafuta ya elfu kumi Jumatatu, ikifika Alhamisi pikipiki inakohoa kama mzee aliyepaliwa na togwa.

Kwa hiyo nikaamua kupima. Nasema kupima, lakini huko mbele mtaona kwamba neno hilo nalitumia kwa kujipendelea. Nilijaza tenki hadi shingoni, nikaandika namba ya mita, nikaendesha siku zangu, kisha nikarudi kwenye sheli ile ile nikajaza tena hadi pale pale shingoni. Ziliingia lita 5. Mita ilikuwa imesogea kilometa 105. Lita moja kilometa 21. Nusu kamili ya baba! Nilikaa juu ya pikipiki pale pale kwenye pampu nikiwaza kwamba nimerithi kila kitu kwa nusu: nusu ya urefu wake, nusu ya nywele zake, na sasa nusu ya lita yake, mpaka kijana wa pampu akaniambia, "Mzee, sogea, kuna foleni."

Mtuhumiwa wa kwanza akawa sheli yenyewe, maana Mtanzania akipungukiwa mafuta humtazama mwenye pampu kabla hajajitazama. Nilinunua lita 5 kwenye kidumu, nikaja nazo nyumbani, nikachukua jagi la lita moja la Mama Upendo, mke wangu, nikaanza kukinga na kumimina nyuma ya nyumba kama mpika gongo. Yakatoka majagi matano, hakuna tone lililopungua. Pampu ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo na ilikuwa inasema kweli. Jagi ndilo lililoumia. Harufu ya petroli haitoki kwenye plastiki. Nimejaribu ndimu, majivu na sabuni ya unga. Mama Upendo yeye hakujaribu kitu. Aliniangalia tu, akanunua jagi jipya, akalifungia kabatini.

Mtuhumiwa wa pili nikawa mimi. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema petroli inaisha kwa sababu ninakimbiza. Hilo lilinichoma. Mimi sikimbizi. Tangu 2019, nilipotengenezewa gurudumu la mbele, sijauona mshale wa spidi ukivuka 50 hata mara moja, na vijana wa bodaboda wenyewe wanalijua hilo. Wananiheshimu, hawanipiti ovyo ovyo. Ni afande mmoja tu wa usalama barabarani aliyewahi kunivunjia heshima. Alinisimamisha barabara ya Dodoma na tochi yake, akasema nimepita mahali pa 50 nikiwa na 61. Nilimwambia, afande, mimi ni mtu mzima, mita yangu ilikuwa inasoma 43 na nilikuwa naiangalia kwa macho yangu haya mawili; hiyo tochi yako ndiyo ipelekwe ikapimwe. Nililipa faini kwa uchungu wa mtu aliyeonewa, na habari hiyo nimeisimulia kwenye misiba miwili na harusi moja.

Basi kama si pampu na si mimi, ni pikipiki. Nikaenda kijiweni.

Kijiwe cha bodaboda ni hospitali ambayo kila mgonjwa ni daktari. Nilipotaja kilometa 21 kwa lita walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake ili acheke vizuri. "Mshua, hiyo mbona inakunywa kama Fuso? Peleka kwa wanunua chuma chakavu." Wakanitajia mambo ya Boxer zao, kwamba lita moja mtu anafika hamsini na zaidi, na wengine wakaongeza kilometa kadiri wenzao walivyokuwa wanasikiliza.

Niliwaambia wamheshimu babu yao. Honda CG ilianza kuuzwa mwaka 1976, na ilitengenezwa baada ya Honda wenyewe kuona kwamba pikipiki yao ya 125 ya kabla yake, ambayo kamshafti ilikaa juu kwenye kichwa cha injini, ilikuwa inakufa mapema katika nchi za watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Wakarudi mezani wakatengeneza injini rahisi kuelewa, valvu zinasukumwa na fimbo mbili kutoka chini, na mnyororo wakaufunika wote kwa bati usile vumbi. Yaani Wajapani walikaa chini, wakafikiri, wakabuni chombo maalumu kwa ajili ya mtu mvivu wa sevisi. Mimi hasa. Na injini hiyo ndiyo viwanda vya China vimeiiga miaka nenda miaka rudi, kiasi kwamba pikipiki nyingi za bei nafuu zinazopakia abiria hapa Msamvu, ukifungua kifuniko cha valvu, unamkuta marehemu baba yangu amekaa ndani.

Walisikiliza kwa adabu. Kisha yule aliyeshuka kucheka akasema, "Sawa mzee, lakini huyo babu anakunywa." Nikaelekezwa kwa fundi.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu wa plagi. Hakuuliza kitu, alichomoa plagi, akaiinua juani. Ilikuwa nyeusi tii, masizi kama kitako cha sufuria ya kuni. "Umeona?" akasema. Nikasema nimeona. Akaweka mpya, shilingi 8,000. Baada ya wiki moja na ile mpya ikawa nyeusi tii. Siku hizi najua kwamba plagi yenye masizi makavu ni shahidi tu: inakuambia petroli inaingia nyingi mno kwa hewa iliyopo. Kuibadilisha na kwenda zako ni sawa na kumtibu mwenye mafua kwa kumbadilishia leso. Lakini wakati ule sikujua, nikarudi nikanunua nyingine. Hiyo ya pili siiweki kwenye hesabu kwa sababu Mama Upendo anasoma gazeti hili.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa kabureta, na hapa naomba msomaji mwenye pikipiki ya zamani asogeze kiti. Ndani ya kabureta kuna vijiti vidogo vya shaba vinavyoitwa jeti. Kila jeti ina tundu, na tundu la ile kubwa kwenye pikipiki kama yangu ni la kama milimita moja tu. Tundu hilo limetobolewa kiwandani kwa kipimo, na uchoyo wote wa pikipiki unakaa hapo. Likiziba, pikipiki inakosa nguvu. Likipanuka hata kwa upana wa unywele, inakuwa mlevi. Na shaba ni laini. Dawa yake ni petroli safi na upepo wa kompresa, basi.

Fundi wangu alichukua unyuzi mmoja wa waya wa breki, akaupitisha kwenye tundu, akauvuta mbele na nyuma kama mtu anayesafisha kiko. Aliufanya kwa bidii kweli, ulimi nje. Alipomaliza aliinua ile jeti juu, akafumba jicho moja, akanionyesha: "Ona sasa mwanga unavyopita!" Niliona mwanga. Nilikuwa naona petroli yangu ya miaka mitano ijayo ikipita pale, ila sikujua. Nikamlipa 10,000 na kumshukuru.

Wiki hiyo tukashuka hadi kilometa 18. Nilipomrudia alishangaa kuliko mimi, akatamka kwamba kabureta imezeeka, ninunue mpya. Nikanunua ya mkono wa pili wa jina, yaani ile inayofanana na ya Honda kwa umbo, mpaka ukisoma maandishi. Shilingi 45,000. Tukapanda hadi 22, nikaona tumepona, nikaongeza na chujio jipya la hewa la 7,000 kwa furaha. Ile kabureta ya zamani niliitia kwenye kopo la maziwa nikaiweka uvunguni. Situpi vitu, ni ugonjwa mwingine niliorithi.

Wa tatu alikuwa mtu wa injini, na mtu wa injini ni wa kuogopwa kwa sababu hawezi kulala bila kufungua injini ya mtu. Aliweka kidole gumba kwenye tundu la plagi, akapiga kiki, upepo ukamrusha kidole. Mimi nilipoona hivyo nikadhani ni dalili njema. Yeye akatikisa kichwa taratibu. "Ringi." Akasema kwa sauti ile daktari anayoitumia akishafunga mlango. Nikauza mbuzi mmoja. Pistoni, ringi, gasketi na ufundi: 110,000. Siku tatu pikipiki ya baba ililala vipande vipande kwenye gunia, na boliti moja ambayo mpaka leo hatujajua ilikuwa ya wapi ninayo kwenye funguo zangu.

Nikajaza tenki. Nikaendesha. Nikajaza tena. Lita 5, kilometa 105 za mita. Ishirini na moja. Tumerudi pale pale tulipoanzia, mimi nikiwa sina mbuzi.

Hapo jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, akaja na nadharia ya wizi. Alisema vijana wa siku hizi wananyonya mafuta usiku kwa mpira, na pikipiki yangu ya zamani ndiyo rahisi kuliko zote. Maneno hayo yaliniingia vizuri mno, kwa sababu mtu akishatumia hela zote hizo anatamani sana pawe na mwizi. Usiku ule nikaiingiza pikipiki sebuleni. Nikaiegesha kati ya kochi na televisheni, nikafunga mlango kwa komeo mbili, nikalala na rungu.

Alfajiri Mama Upendo alipoamka kuwasha jiko la mkaa alisimama mlangoni na kibiriti mkononi, akanusa, akakirudisha kibiriti mfukoni. Kisha akaniita kwa jina langu kamili la ubatizo, ambalo mara ya mwisho kulisikia ilikuwa kanisani siku ya ndoa. Mkeka ulikuwa umelowa. Chini ya kabureta, kwenye kile kijimpira cha kumwagia ziada, tone lilikuwa linajikusanya, linanenepa, linadondoka. Tone, kimya, tone. Mwizi tulikuwa tumemfungia ndani kwa komeo mbili.

Ndipo nilipokumbuka jambo nililoliona utotoni kila jioni bila kuliona. Baba akifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, kabla hata ya kuitikia shikamoo zetu, aliinama akafunga koki ya mafuta. Kila siku. Mimi nilidhani ni mapozi ya watu wa serikali. Kwenye kabureta kuna kielea, na kielea kinasukuma kisindano kinachoziba mlango wa petroli bakuli likishajaa. Kisindano kikilika, au kikiwa cha bandia kama changu, hakizibi sawasawa, na ukiacha koki wazi usiku kucha tenki linajimwaga pole pole hadi ardhini. Nje, kwenye mchanga wa Kihonda, hakuna anayeona. Inahitaji mkeka wa mwanamke mkali.

Tukaiburuta nje. Madirisha yote yakafunguliwa, chai hatukunywa. Na ilikuwa katika kusugua ule mkeka, kwa hasira, bila kuniangalia, ndipo Mama Upendo aliponiuliza swali ambalo mafundi watatu, kijiwe kizima na mstaafu wa reli hawakuwa wameliuliza.

Ni lazima niwaambie kwamba mke wangu ana duka. Anauza mafuta ya kula kwa vipimo: robo, nusu, kikombe kidogo cha mia tano. Mtu aliyepima mafuta ya watu miaka kumi na tisa haamini kipimo chochote ambacho hajakipima mwenyewe. Akasema, "Mafuta ulipima kwa jagi langu. Sawa. Hizo kilometa umepima kwa nini?"

Nikamwambia, kwa mita ya pikipiki.

"Na hiyo mita kaipima nani?"

Jumapili baada ya ibada tukaondoka, yeye nyuma amekaa upande na khanga mbili, kuelekea barabara ya Dodoma. Pembeni ya barabara kuu kuna vile vibao vya kilometa, ambavyo nimevipita maisha yangu yote nikidhani vimewekwa kwa ajili ya wahandisi. Alikuwa amejaza mfuko mmoja maharage. Kila kibao kikipita anahamisha harage moja kwenda mfuko wa pili. Alikataa kuhesabu kichwani. Alisema kichwani ndiko hela zangu zilikopotelea. Nilisoma mita mwanzoni, tukaenda bila haraka, akanigonga bega harage la ishirini lilipohama. Nikasimama pembeni, injini nikazima, nikaangalia.

Vibao 20. Mita: kilometa 14.

Nilirudia kusoma. Nikafuta kioo kwa kidole. Kumi na nne.

Mita ya pikipiki haina akili yoyote. Inazungushwa na waya mrefu, na waya unazungushwa na kigia kidogo kilicho kwenye gurudumu la mbele. Vigia hivyo havifanani. Kila pikipiki ina hesabu yake ya meno. Mwaka 2019 nilipotengenezewa lile gurudumu niliwekewa kigia kilichopatikana, na kilichopatikana kilikuwa cha pikipiki nyingine kabisa. Tangu siku hiyo kila nikienda kumi, mita inaandika saba, kama karani anayekula tatu.

Piga hesabu basi, Mama Upendo alishapiga. Zile kilometa 105 hazikuwa 105, zilikuwa 150. Kwa lita 5 hizo ni kilometa 30 kwa lita. Si 42 ya baba, lakini si 21 ya aibu. Robo tatu ya ulevi wote nilioutibu haikuwa ulevi; hapana, nimezidisha, ilikuwa chini ya nusu, kama kilometa 9 kati ya 21 zilizopotea. Lakini siku ile pale barabarani nilihisi ni robo tatu.

Halafu jambo la pili likanijia taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Kama mita inasoma saba kwenye kumi, basi mshale nao unasoma saba kwenye kumi. Na mshale ukisoma 43...

"Sitini na moja na ushee," Mama Upendo akasema nyuma yangu. Habari ya afande anaijua vizuri. Alikuwepo kwenye misiba yote miwili.

Kwa hiyo wale vijana wa bodaboda hawakuwa wananiheshimu. Walikuwa hawaniwezi.

Zikabaki kilometa 12 kati ya 30 na 42, na hizo zilikuwa ugonjwa wa kweli. Safari hii sikwenda kijiweni. Nilimtafuta mzee mmoja wa Mwembesongo aliyekuwa akitengeneza pikipiki hizi zilipokuwa mpya, na nilijua nimefika mahali pake alipokataa kushika spana. Alikaa kwenye kigoda, akauliza maswali karibu nusu saa. Naanzia wapi asubuhi, nabeba nini, nazima vipi. Kisha akasema niiweke kwenye stendi kubwa, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Halikumaliza hata nusu mzunguko, likasimama. "Unatembea huku umekanyaga breki," akasema, akalegeza nati moja ya mkononi. Bure. Upepo wa matairi aliubonyeza kwa gumba, akaguna. Akagusa kidude cha choki, akakisukuma. Kilikuwa kinarudi nusu kinakwama. "Choki ni ya asubuhi kama chai. Wewe unainywesha mpaka jioni." Lile chujio langu jipya alilikamua kama nguo, yakatoka mafuta ya kukaangia samaki; aliyeniuzia alikuwa ameliloweka ili lionekane limehudumiwa. Pikipiki ilikuwa inavuta petroli kwa sababu hewa ilikuwa haipiti.

Nikamwonyesha zile ringi za zamani, maana situpi vitu. Alizigeuza geuza, akazikagua, akanirudishia mikononi kwa upole. "Hizi zilikuwa nzima, mwanangu." Sijawahi kumkumbuka mbuzi namna ile.

Kisha nikatoa lile kopo la maziwa. Macho yake yalibadilika. Kabureta ya Honda yenyewe, akasema, ya Japani, na mimi nimeivua nimeivalisha pikipiki mdomo wa bandia. Jeti iliyopanuliwa kwa waya aliitupa kwenye majani kwa dharau, akafukua kwenye bati lake la peremende akatoa nyingine yenye namba sahihi, akaweka na kisindano kipya, akarekebisha kielea, akaiosha yote kwa petroli na upepo tu. Alisogeza na pointi, akapima valvu asubuhi ya pili injini ikiwa baridi, kama inavyotakiwa. Shilingi 25,000 kwa kila kitu, na onyo moja kuhusu koki.

Sasa hesabu ya mwisho, kwa vibao vya barabarani na maharage, si kwa mita: kilometa 38 kwa lita.

Mafundi watatu wa mwanzo walikula 180,000. Kwa petroli iliyokuwa elfu tatu kwa lita hiyo ni lita 60, na hata kwa ulevi wake wa siku zile ningekwenda Dodoma na kurudi mara tatu, na mafuta yakabaki. Nilikuwa nimeuza mbuzi ili kuokoa shilingi ambazo hazijafika bei ya mguu wake.

Bado zile kilometa 4 zilikuwa zinaniuma. Nilirudi kwenye daftari, nikamwonyesha Mama Upendo, nikamwambia labda ni petroli ya zamani ilikuwa nzito, au barabara, au sijui nini. Yeye alikuwa anafunga matenga mawili ya nyanya za dukani nyuma ya pikipiki. Hakugeuka. "Marehemu baba alikuwa na kilo hamsini na nane," akasema. "Panda twende."

Kwa yule afande wa barabara ya Dodoma: nakuomba radhi, tochi yako ni nzima. Na kwa wasomaji, hasa wa Morogoro, Kilosa na Ifakara, ambako huenda wapo mabwana shamba wengine waliokopeshwa pikipiki hizi: mwenye kigia cha mita cha gurudumu la mbele la CG ya zamani, kiwe na meno yake yote, anitafute kupitia ofisi ya gazeti. Nitakifuata mwenyewe. Tafadhali umbali wa kwako unitajie kwa vibao.